Mawazo Mengi na Ngozi Yenye Magamba
(Mazungumzo na wanavikundi vya kujisaidia, siku ya mafunzo)

Leo tumeacha kando habari za mbuzi wa maziwa na vitabu vya hesabu. Katika kuzunguka kwetu vikundini tumekutana na jambo moja zaidi ya mara moja. Mwanachama anaacha kuja mikutanoni, mchango wake analeta kwa mkono wa mtoto. Ukiuliza, unaambiwa kwa sauti ya chini, "Yule ana ule ugonjwa wa ngozi." Katika kikundi kimoja akina mama walikata shauri ya kwamba mwenzao asipike tena siku ya kikundi, na kikombe chake kiwekwe kando. Hakuna aliyeuliza daktari. Walikata shauri tu.

Ugonjwa wenyewe hospitalini unaitwa soriasisi. Mnaujua kwa macho, hata kama jina ni geni. Ni mabaka manene yenye magamba meupe yanayong'aa kidogo, hasa kwenye viwiko, magoti, kiuno na kichwani. Vitabu vingi husema mabaka ni mekundu, lakini kwa ngozi yetu nyeusi mara nyingi yanaonekana ya zambarau, au ya kijivu, au meusi kuliko ngozi iliyobaki. Kucha nazo zinaweza kuwa na vishimo vishimo kama zimedonolewa na sindano.

Tuangalie kinachotokea. Ngozi ya kila mtu hujibadilisha. Chembe mpya huzaliwa chini, hupanda polepole, zikifika juu hukauka na kupukutika bila sisi kujua. Safari hiyo huchukua karibu mwezi mmoja. Kwa mwenye soriasisi huchukua siku chache tu, kama 3 hadi 7. Chembe zinafika juu zikiwa mbichi, zinasongamana, na hayo ndiyo magamba. Anayezisukuma ni kinga ya mwili wake mwenyewe, kama askari wa zamu anayepiga filimbi usiku kucha na hakuna mwizi.

Kwa hivyo hakuna kijidudu hapa cha kumrukia mtu mwingine. Hupati soriasisi kwa kusalimiana, kwa kula sahani moja, kwa kulala kitanda kimoja, wala kwa chapati alizosukuma mwenzako. Mwaka wa 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio lililosema wazi ya kwamba huu ni ugonjwa wa kudumu, wenye maumivu, usioambukiza, na ambao haujapatiwa tiba ya kuumaliza kabisa. Kutulizwa unaweza, hata mtu akakaa muda mrefu bila baka.

Sasa tufike kwa lile lililotuleta. Yule mama wa kikombe alikuwa na hesabu yake. Alisema mabaka yanamshika kila Januari, na shemeji yake wa Nairobi huja nyumbani kila Krismasi. Basi, si ni wazi nani anamroga? Alikuwa ameshauza mbuzi wawili kumlipa mganga. Tuliketi naye tukahesabu miezi pamoja. Januari kuna nini kingine kwake? Karo ya watoto watatu, sare, na ghala la mahindi ambalo limeanza kuonyesha sakafu. Tukamwuliza usingizi wa Desemba ulikuwaje. Akacheka, akasema, "Usingizi gani?"

Wagonjwa wengi wa soriasisi, katika nchi nyingi, huwaambia madaktari wao habari ya namna hii: kulikuwa na matanga, au kesi ya shamba, au mume amefutwa kazi, kisha ngozi ikaamka. Si lazima iamke siku ile ile. Inaweza kuchukua siku kadhaa au hata majuma, na ndiyo sababu watu hawaunganishi mambo haya mawili, wanatafuta mchawi.

Mtu akibanwa na mawazo, ubongo hutuma habari kwenye tezi zilizo juu ya figo, nazo humwaga homoni katika damu. Mishipa ya fahamu inayofika ngozini nayo hutoa kemikali zake pale pale. Hizo zote huigusa kinga ya mwili, ile ambayo kwa mtu huyu tayari ina hasira. Mwasho unazidi, anajikuna, na jeraha la kujikuna lenyewe linaweza kuzaa baka jipya. Tumeona mtu mwenye mstari wa magamba mahali ambapo ukuni ulimkwaruza tu.

Lakini tusielewane vibaya. Hatusemi ugonjwa uko kichwani, wala kwamba mtu amejiletea kwa kuhangaika. Mawazo tunayo sote hapa, na wengi wetu ngozi zetu ni nzima. Mwenye soriasisi amezaliwa na mwelekeo huo, mawazo yanauamsha. Yako mengine yanayouamsha pia: kuumwa na koo, pombe, sigara, na dawa fulani zikiwemo klorokwini na baadhi ya dawa za presha. Ukiwa unameza dawa za presha usiziache kwa sababu ya maneno haya, mwulize daktari kwanza.

Sasa rudini kwa kile kikombe kilichotengwa. Mwenzenu amekuja kikundini akiwa na mzigo wa karo, anakuta kikombe chake peke yake kwenye dirisha. Anarudi nyumbani na mzigo wa pili. Usiku halali, anajikuna, kesho mabaka ni makubwa zaidi, nanyi mnasema, "Si tulisema?" Kikundi kimekuwa sehemu ya ugonjwa. Tunasema hivi bila kulaumu mtu, kwa maana hofu ya ngozi ni ya zamani, na wengi wanafikiri ni ukoma. Kwa ukoma, mara nyingi baka halisikii ukiligusa. La soriasisi husikia, tena huwasha. Hata hivyo msijipimie nyumbani. Anayeona baka asilolijua aende kituo cha afya, na ukoma wenyewe siku hizi unatibika ukaisha.

Kwamba kutuliza akili kunasaidia ngozi si maneno ya kufariji tu. Mwaka wa 1998 huko Marekani, Jon Kabat-Zinn na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 37 waliokuwa wakitibiwa kwa mwanga maalum. Baadhi walisikiliza kanda ya kuwafundisha kutulia wakati wa matibabu, wengine hapana. Waliosikiliza kanda ngozi zao zilipona upesi zaidi. Ni watu wachache, lakini angalieni: dawa hawakuacha. Utulivu ulikwenda pamoja na dawa.

Sisi hapa kanda hatuna, na kumwambia mtu mwenye deni la karo "usijali" ni kumpigia kelele. Kile kikundi kilifanya jambo la maana zaidi. Walibadilishana zamu za mzunguko, yule mama akapokea pesa zake Januari badala ya Juni. Na mwekahazina, ambaye ndiye alikuwa mkali kuliko wote, alianza kukaa naye benchi moja. Mabaka hayakuisha, jameni, tusidanganyane. Yalikuja, madogo, na kwa mafuta aliyopewa kliniki yakatulia mapema.

Juu ya dawa, tahadhari moja kubwa. Zile krimu za kujichubua zinazouzwa sokoni, nyingi zina steroidi kali. Baka linakimbia kwa wiki moja, ukiacha linarudi kwa nguvu na ngozi imekuwa nyembamba. Vidonge na sindano za steroidi ni hatari zaidi, kwa maana ukiziacha ghafula ugonjwa unaweza kulipuka mwili mzima. Wala msijisugue na jiki. Mafuta mazito baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, na jua la asubuhi kidogo kidogo, hayo hayana neno. Viungo vikianza kuuma na kukaza asubuhi, nenda hospitali usingoje, kwa sababu hata watu 3 katika 10 wenye soriasisi hupata ugonjwa wa viungo, na viungo vikiharibika havirudi. Na mabaka yakilipuka mwili mzima kwa mtu ambaye hakuwa nayo, ni vizuri apimwe na virusi vya Ukimwi, kwa kuwa mara nyingine ndivyo vinavyoamsha.

Mzee mmoja ameuliza kama watoto wa mgonjwa wataupata. Uwezekano wao ni mkubwa kuliko wa watoto wengine, lakini mzazi mmoja akiwa nao, wengi wa watoto hawaupati. Wale mtakaokwenda kliniki ya ngozi, bebeni kila tyubu na kila chupa mliyowahi kujipaka, hata ile ya sokoni. Daktari hatawagombeza, anataka kusoma kilichoandikwa.