Damu ya Watu wa Ziwa: Mhadhara wa Umma Uliotolewa Mwanza



Nimepewa fursa adhimu ya kusema mbele yenu juu ya siha na chakula, na katika bahari ya mambo yanayoweza kusemwa juu ya siha na chakula nimechagua jambo moja tu, ambalo hakuna nyumba katika mji huu isiyolifahamu, ingawa aghalabu hulifahamu kwa dalili zake na si kwa sababu zake. Nalo ni upungufu wa damu. Mama mjamzito anayepumzika mara mbili kabla ya kumaliza kuipanda njia ya mawe ya Bugando, mwanafunzi anayesinzia darasani saa nne ya asubuhi, mtoto ambaye viganja vyake vimepauka na moyo wake unakwenda mbio ilhali amekaa kitako: hawa wote ni majirani zetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 45 walikuwa na upungufu wa damu, na katika kila watoto 100 wa miezi 6 hadi miezi 59, walikuwa 58. Madhali hali ni hiyo, anayetaka kuzungumza juu ya elimu ya watoto wetu, au juu ya salama ya wazazi wetu wa kike, hana budi kuanza na damu.

Dai langu ni hili: kwamba watu waishio kando ya ziwa hili wana mlangoni mwao chakula kinachofaa kabisa kujenga damu, nacho ni dagaa, na kwamba chakula hicho hatukipati ipasavyo kwa sababu tunakianika vibaya, tunakikata vichwa, tunakigawa bila insafu mezani, na tunakiteremshia kwa chai.

Kwamba damu ina uhusiano na chuma si habari mpya. Katika karne ya 17 tabibu wa Uingereza Thomas Sydenham aliwatibu wasichana waliopauka kwa unga wa chuma uliotiwa katika mvinyo, naye hakujua kwa nini wanapona. Na katika karne iliyofuata Vincenzo Menghini wa Bologna aliikausha damu, akaichoma hata ikawa unga, akauona unga ule ukivutwa na sumaku. Tangu hapo maarifa yameongezeka. Ndani ya chembe nyekundu za damu mna kitu kiitwacho himoglobini, chenye madini ya chuma, ambacho huchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuifikisha katika kila kiungo. Mwili wa mtu mzima una takriban gramu 3 hadi 4 tu za chuma, na theluthi mbili zake zimo katika damu. Kila chembe huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa, na chuma chake hurudishwa kazini kutengeneza chembe mpya. Kwa hiyo mtu mwenye siha njema, asiyevuja damu, huhitaji kuingiza mwilini miligramu 1 au 2 tu kwa siku.

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa hitaji ni dogo namna hiyo, mbona tunapungukiwa? Jawabu ni kwamba mwanamke hupoteza damu kila mwezi, na mimba moja, kuanzia kutungwa hata kujifungua, humdai takriban gramu 1 nzima ya chuma, ambayo ni zaidi ya robo ya chuma chote kilichomo mwilini mwake. Na mtoto naye hukua upesi kuliko akiba aliyozaliwa nayo. Tena chuma kilichomo katika chakula si chuma kilichoingia mwilini. Kile cha nyama, maini na samaki hupokewa na utumbo kwa wepesi. Kile cha nafaka, maharage na majani ya mboga hupokewa kwa shida, na sehemu kubwa yake hutoka kama ilivyoingia, hasa pale ambapo katika mlo huo huo mna vitu vinavyokizuia.

Hebu tutazame mlo wa kawaida wa mchana katika nyumba zetu: ugali wa sembe au wa muhogo, matembele yaliyochemshwa, na kikombe cha chai ya rangi. Matembele yana chuma, ni kweli. Lakini chai ina utomvu mkali unaokishika chuma kile tumboni na kukinyima njia, na hata maziwa yakinywewa pamoja na chakula hukipunguza. Mtu huyu amekula akashiba, na damu yake haikupata kitu cha haja. Basi asitupe matembele yake wala asiache chai; chai aisogeze mbele, ainywe saa moja au mbili baada ya kula, na juu ya mboga akamue ndimu, au amalizie na pera, tunda ambalo soko letu hujaa nalo na ambalo limejaa vitamini C. Vitamini hiyo ndiyo mwenzi wa chuma: hukifungulia mlango wa utumbo hata chuma cha majani kikaingia mara kadhaa ya kilivyokuwa kikiingia. Na kama juu ya sahani hiyo hiyo patawekwa samaki kidogo, hata kiasi cha konzi moja, samaki huyo ataleta chuma chake mwenyewe, na fauka ya hayo atakisaidia chuma cha mboga nacho kipokewe.

Hapo ndipo ninapomfikia dagaa. Yeyote aliyekwenda Mwaloni, Kirumba, anakijua kilima cha magunia yaliyoshushwa kutoka visiwani, na anawajua akina mama waliokaa nyuma ya magunia hayo, kila mmoja na ungo wake. Nilisimama mbele ya mmoja wao nikamwangalia akimhudumia mteja aliyetaka dagaa safi: akapepeta, mchanga ukaanguka, akachagua vijiti na magamba ya konokono, kisha kwa kidole gumba na cha shahada akaanza kunyofoa vichwa, kimoja kimoja, upesi kupita jicho, na matumbo yakafuata vichwa, hata chini ya kigoda chake pakawa na rundo jeusi. Mteja akaridhika, maana uchungu umeondoka. Ama mimi niliona katika rundo lile sehemu kubwa ya kile ambacho angelipaswa kukila. Dagaa wa ziwa ni samaki wa sentimita chache, na fadhila yake yote imo katika kuliwa mzima: mifupa yake ndiyo chokaa ya meno na mifupa yetu, macho yake na ini lake ndiyo vitamini A, na katika kichwa na matumbo kuna chuma na zinki zaidi kuliko katika ule mnofu mwembamba wa mgongoni. Fileti ya sangara, inayosafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya, ni protini njema, lakini haina mfupa, haina kichwa wala ini. Kwa mizani ya damu, fungu la dagaa wazima huishinda.

Neno juu ya sangara lisipite bure. Samaki huyu aliletwa katika ziwa letu miaka ya 1950, akawala furu wa aina kwa mamia hata nyingi zikatoweka. Kisha, tangu mwanzo wa miaka ya 1990, viwanda vya minofu vikasimama Mwanza, mnofu ukaenda nje, na mwenyeji akabakiwa na mapanki. Simlaumu mvuvi anayeuza kwa bei nzuri, kwani riziki ni riziki. Ila wapangao mambo ya chakula wakumbuke kwamba dagaa, anayevuliwa kwa wingi kuliko samaki wengine wote wa ziwa hili kwa uzito, ndiye aliyebaki katika uwezo wa fakiri, na hata yeye sasa ana mshindani: kuku. Sehemu kubwa ya dagaa wetu husagwa kuwa chakula cha mifugo. Huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, hutandazwa asubuhi juu ya mchanga wa ufukweni, ambako mbuzi hupita na watoto hupita; na mvua ikinyesha kabla hawajakauka, huoza au huingia uvundo, na walioharibika hivyo hawana mnunuzi ila msaga chakula cha kuku. Dawa yake inajulikana, wala si ghali: chanja za miti na nyavu zilizoinuliwa kutoka ardhini, ambazo huwakausha upesi, bila mchanga, na zinaweza kufunikwa mawingu yanapotanda. Kwenye mialo ambako chanja zimetumika, dagaa hupata bei ya juu. Mwalo usiokuwa na chanja unawalisha kuku wa wengine kwa jasho la watu wake.

Sasa niseme juu ya tiba za majumbani, maana ni nyingi na zinapendwa. Mtu akiambiwa damu yake imepungua, hununua rozela, hununua bitiruti, hunywa soda nyekundu, na huamini kwa hakika kwamba wekundu wa kinywaji utageuka kuwa wekundu wa damu. Hasha. Damu haijengwi kwa rangi. Rozela ina uchachu wa faida, na bitiruti ni mboga nzuri, lakini chuma kilichomo ndani yake ni kidogo kisichoweza kumwinua mtu aliyekwisha anguka. Ama soda nyekundu ni maji, sukari na rangi tu. Kadhalika wako akina mama wajawazito wanaotafuna udongo, ule uuzwao sokoni kwa vipande vilivyochomwa. Dada zangu, hamu hiyo si aibu wala si kichaa. Mara nyingi ni mwili wenyewe unaolalamikia upungufu wa chuma. Lakini udongo hauleti chuma unachokitafuta: hukishika kile kilichomo tumboni, na waweza kuingiza mayai ya minyoo. Anayeshikwa na hamu hiyo aende kliniki akapimwe.

Na akapimwe kweli, kwa kuwa si kila upungufu wa damu umetokana na chakula, na hapa sisi wa ziwani tuna mitihani zaidi ya watu wa nchi nyingine. Malaria huvunja chembe za damu. Minyoo ya safura hujishikiza utumboni ikainyonya. Kichocho, ambacho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtoto anayeoga na mama anayefua ukingoni, hukaa katika mishipa ya utumbo, na mayai yake huutoboa njiani yakitoka, damu ikapotea kidogo kidogo bila mwenyewe kujua. Mtu mwenye kichocho akila dagaa kila siku, anajaza mtungi uliotoboka. Ndiyo maana dawa ya minyoo na ya kichocho igawiwayo shuleni ni sehemu ya lishe, na choo kinachotumika ni sehemu ya lishe, na chandarua ni sehemu ya lishe. Tena Kanda ya Ziwa ina watoto wengi waliozaliwa na selimundu, ambao damu yao hupungua kwa sababu chembe zao huvunjika mapema. Hawa chuma cha ziada huweza kuwadhuru, maana kile cha chembe zilizovunjika hakikutoka mwilini. Asijipe mtu vidonge vya chuma kwa kubahatisha, wala asimpe mtoto wake.

Ama mjamzito aliyepewa vidonge vyake kliniki, vile vya chuma na asidi ya foliki, huyo avinywe. Shirika la Afya Duniani limeagiza miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku katika mimba nzima. Najua kwamba huchafua moyo, na kwamba choo huwa cheusi, na kwamba wengi huviweka kabatini hata siku ya kujifungua. Choo cheusi hakina madhara. Na kichefuchefu hupungua vikinywewa usiku kwa maji, au pamoja na chakula kidogo kisicho na chai wala maziwa.

Limebaki jambo la mezani, nalo huenda likawauma baadhi ya wanaume wenzangu. Katika nyumba nyingi samaki huanza kwa baba, wakafuata vijana wa kiume, na mama na mtoto mdogo hupata mchuzi. Mchuzi una ladha, lakini hauna chuma kitoshacho. Baba hapotezi damu kila mwezi, wala habebi mimba, wala hakui. Hitaji lake la chuma ni dogo kuliko la wote walioketi naye, naye ndiye apewaye fungu kubwa. Mtoto aliyetimiza miezi 6, akiwa bado ananyonya, na atiliwe ujini kijiko cha unga wa dagaa waliosafishwa, wakakaangwa na kusagwa wakiwa wazima; mama yake ale dagaa wake wazima, vichwa na yote, wakiwa wamepikwa na nyanya na kukamuliwa ndimu, uchungu utapungua.

Basi nawaomba, enyi akina baba mlionisikiliza jioni ya leo, kesho mkipakuliwa msogeze sahani ya samaki kwa mama wa nyumba kabla ya kutia mkono. Nanyi viongozi wa mialo, kutoka Igombe hata Ukara, kabla mvua za vuli hazijaanza, simamisheni chanja.