Majani ya Mkungu na Mtaro wa Jirani
(Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei)



Ndugu wapendwa, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, akina mama wa WAWATA, vijana wetu wa VIWAWA, nanyi nyote wenye mapenzi mema,

Tume ya Haki na Amani imetuomba tuseme nanyi juu ya usafi wa mitaa yetu. Huenda wengine walitazamia mada nzito zaidi, kama vile rushwa, ardhi au uchaguzi. Sisi tutasema juu ya majani yaangukayo mitini, fagio na mtaro. Twaomba mtuvumilie. Haki nayo huonekana, au hukosekana, katika mambo madogo tunayoyafanya kila Jumamosi asubuhi bila kuyafikiri.

Tutafuata njia mliyoizoea katika jumuiya zenu: tuone, tupime, kisha tutende.

I. TUONE

Jiji letu la Dar es Salaam halina majira kama ya Ulaya, ambako miti mingi huangusha majani yake katika miezi michache kabla ya baridi. Hata hivyo miti yetu nayo hupukutika. Mkungu hugeuza majani yake kuwa mekundu, kisha huyamwaga yote, na waweza kufanya hivyo zaidi ya mara moja kwa mwaka. Mwarobaini hupukutika wakati wa ukame. Mwembe haupumziki. Miti hii ni baraka, kwa kuwa katika joto la Januari ndiyo kivuli cha mama lishe, cha fundi baiskeli na cha watoto watokao shule. Mtu asije akatoka hapa akidai kwamba tumewaagiza kukata miti.

Basi, majani haya huenda wapi? Mara nyingi hufagiwa yakakusanywa kando ya barabara, yakachomwa moto, na moshi wake ukaingia katika nyumba ya mgonjwa wa pumu. Au husukumwa ndani ya mtaro. Humo hukutana na chupa za plastiki na mchanga uliochukuliwa na maji kutoka njia zisizo na lami. Vitu hivyo vitatu vikishikamana hufanya kizibo imara. Mvua za vuli zikija, au zile za masika kuanzia Machi, maji hukosa njia, yakajitafutia nyingine katika vyumba vya watu.

Hapa hatuna budi kuanza na toba yetu wenyewe. Katika parokia mojawapo tuliyopata kuitumikia, uwanja wa kanisa ulikuwa na mikungu mikubwa. Kila Jumamosi vijana walifagia kwa bidii, wakasukumia majani katika mtaro ulio nje ya ukuta. Sisi tuliwasifu. Jumapili waamini walikuta uwanja safi, nasi tuliona fahari. Masika yalipoanza, mtaro haukufurika kwetu. Ulifurika huko chini, penye nyumba za bondeni.

Siku moja alikuja ofisini mzee mmoja Mwislamu, jirani yetu wa siku nyingi. Tulimwamkia, akaitikia. Mkononi alishika fungu la majani yaliyooza, akaliweka sakafuni taratibu, akasema: “Padri, haya ni yenu. Kwangu hakuna mkungu.” Hakuongeza neno. Baadaye tulikwenda kwake, tukaona godoro lililolowa na madaftari ya wajukuu yaliyoanikwa ukutani kurasa kwa kurasa. Usafi wetu ulikuwa umelipiwa na mtu mwingine.

Tena, ndugu zetu, jambo hili halikuanza leo wala halikuishia kwa majani. Wakubwa kwa umri mwaikumbuka habari ya dampo la Tabata. Wakazi wa huko walichoshwa na moshi, harufu na nzi, wakaenda Mahakama Kuu dhidi ya Halmashauri ya Jiji, na mwaka 1988 mahakama ikawapa haki. Halmashauri iliomba muda, ikaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa kuuongeza, akaona kwamba uchafuzi ule uligusa haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Huo ulikuwa ushindi mkubwa wa raia wa kawaida. Lakini taka zilikwenda wapi? Zilihamia Vingunguti, kwa watu wengine wasio matajiri kuwazidi wale wa Tabata, nao wakaanza kulia kilio kile kile. Baadaye zilipelekwa Pugu. Jiji lilikuwa limefanya kwa malori kile ambacho sisi tulikifanya kwa fagio.

Twajua pia gharama yake. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 katika jiji hili, na wengi waliokosa makao walihamishiwa Mabwepande. Haitakuwa kweli kusema kwamba majani ndiyo yaliyowaua, kwani mvua ile ilikuwa kubwa kupita kiasi, na watu walikuwa wamejenga mabondeni kwa kukosa mahali pengine. Lakini mtaro ulioziba humwongezea maji yule aliye chini, na aliye chini kwa kawaida ndiye maskini. Mwaka 2015 kipindupindu kilizuka tangu Agosti. Tarehe 9 Desemba mwaka huo Rais Magufuli aliagiza sikukuu ya Uhuru iadhimishwe kwa kufanya usafi nchi nzima. Wengi wetu tulishika mafagio siku ile, tukafanya vema. Swali ni hili: tope lililozolewa siku ile lilikwenda wapi? Pengi liliachwa kando ya mtaro, na mvua iliyofuata ikalirudisha mlemle.

II. TUPIME

Maandiko Matakatifu yatuambia nini? Katika Mwanzo 2:15 mtu anawekwa bustanini ailime na kuitunza. Kutunza si kuhamisha uchafu kutoka pembe moja ya bustani hadi nyingine. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, mwenye kujenga nyumba anaagizwa kuweka ukingo juu ya dari, mtu asianguke akafa. Hii ni sheria ya ujenzi, na Mungu hakuona haya kuiweka katika Torati. Anayeacha mtaro wazi bila mfuniko penye njia ya watoto na aisome sura hiyo. Naye nabii Isaya, katika sura ya 58, akieleza mfungo unaompendeza Mungu, anamaliza kwa kuwasifu wale wanaorudishia watu njia za kukalia. Twafunga kila Kwaresima, na Kwaresima yaangukia karibu na masika. Je, tumewahi kuyaunganisha mambo hayo mawili?

Lakini kitabu kinachotugusa zaidi ni Nehemia, sura ya 3. Ukuta wa Yerusalemu unajengwa upya, na wengi wanajenga sehemu iliyoelekea nyumba zao. Aya ya 14 inataja lango la jaa, yaani lango la kutolea taka. Aliyelijenga hakuwa mtumwa. Alikuwa mtawala wa wilaya. Na aya ya 5 inawataja wakuu wa Watekoa, waliokataa kuinama wafanye kazi. Majina ya wakuu hao hayakuandikwa. Jina la yule wa lango la jaa, Malkiya, twalisoma hadi leo.

Mafundisho ya Kanisa juu ya jamii yatupa vipimo viwili. Cha kwanza ni manufaa ya wote. Usafi wa uwanja mmoja unaopatikana kwa kumfurikisha jirani si usafi. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alitufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganiki. Mtaro wetu ni ushahidi wa maneno hayo.

Kipimo cha pili ni kanuni ya auni, iliyofafanuliwa na Papa Pius XI mwaka 1931 katika Quadragesimo Anno. Jambo liwezalo kufanywa na walio karibu lisinyakuliwe na walio mbali, na walio juu wawasaidie wa chini pale wanapozidiwa. Kanuni hii yakata pande mbili. Jumuiya isikae ikingoja lori la manispaa kuja kuzoa majani iwezayo kuyaozesha yenyewe. Serikali nayo isijifiche nyuma ya neno “ushirikishwaji”, ikawaachia akina mama wenye mafagio kazi ya kutengeneza mfereji mkuu, inayohitaji wahandisi na mashine.

Twajua kwamba watu wa kawaida wanaweza. Katika miaka ya 1990 wakazi wa Hananasif, Kinondoni, walishiriki kujenga mifereji ya mvua na njia za mtaa wao, wakilipwa ujira, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na mashirika mengine. Mtu aliyechimba mtaro kwa mikono yake husita kuujaza takataka.

III. TUTENDE

Hatutaki mwondoke hapa na masikitiko tu. Yafuatayo yanawezekana.

Kwanza, majani ya uwanja yabaki uwanjani. Baada ya aibu ile, parokiani tulijenga vizimba viwili vya matofali bila kufunika juu. Mwaka wa kwanza tulishindwa, kwa kuwa majani ya mkungu ni mapana na magumu, rundo likakauka kama karatasi. Mtunza bustani mmoja akatufundisha: katakateni majani kwa panga, changanyeni na maganda ya ndizi na mabaki ya mboga, nyunyizeni maji, geuzeni rundo kila baada ya juma moja au mawili. Baada ya miezi michache tulipata mboji nyeusi isiyonuka. Lakini tahadhari: mafagio ya barabarani huzoa pia mafuta ya magari na vumbi la lami. Mboji ya majani hayo itumike kwa miti na maua, isipelekwe kwenye mchicha.

Ndugu zetu, sehemu kubwa ya taka za jiji hili ni vitu viozavyo. Kila kapu linalooza nyumbani ni kapu ambalo lori halikulibeba hadi Pugu, wala mtaro haukulimeza.

Pili, tufuate majira. Tusifagie mtaro mvua ikiisha kutuingilia. Mitaro isafishwe Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli, na tope liondolewe siku ile ile. Kusafisha bila chombo cha kubebea tope ni kujichosha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tatu, tujue mwenye mtaro. Mwananchi huona mtaro mmoja, lakini wenye dhamana ni wengi. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS. Za mitaa ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Uzoaji wa taka ni wa halmashauri, nayo huweza kuukabidhi kwa kampuni au kikundi. Kila mmoja akimtupia mwenzake mpira, maji hayangoji. Viongozi wa jumuiya waende kwenye mkutano wa mtaa, pamoja na jirani zetu Waislamu na wa madhehebu mengine, waulize kwa adabu na bila woga: mtaro huu ni wa nani? Mzoaji wetu ni nani? Apaswa kuja siku zipi, na ada ni kiasi gani? Majibu yaandikwe na kubandikwa mahali pa wazi. Tusipeleke majungu, tupeleke maswali.

Nne, haki ya nyumba za mabondeni na vichochoroni. Si haki mtu kutozwa ada sawa na mwingine ilhali lori haliwezi kumfikia. Mahali hapo pahitaji mkokoteni na kikundi cha vijana, na makubaliano yaseme hivyo.

Tano, wafagizi. Mwawaona alfajiri, wengi wao akina mama, wameinama na fagio la chelewa karibu na magari yaendayo kasi. Mabadiliko yoyote ya taratibu yasiwakose wao mezani. Wanalipwa kwa wakati? Wana glovu, viatu, kizuia vumbi? Tukitafuta unafuu wa ada kwa kupunguza ujira wao, tutakuwa tumehamisha taka kwa mara nyingine, sasa juu ya mgongo wa mfagizi. Na tusiulize manispaa peke yake. Tuulize pia parokia zetu zinamlipa nini anayefagia kanisa.

Mzee yule jirani yetu alirudi tena, miaka miwili baadaye. Safari hii alikuja na ndoo tupu, akaomba mboji kwa ajili ya mpapai wake. Tulimjazia. Alipokuwa akiondoka alitazama mikungu yetu, akasema inatoa kivuli kizuri. Tulipokea neno lile kama msamaha.

Mungu, aliyemweka mtu bustanini aitunze, atujalie mikono isiyoona haya kushika fagio, na macho ya kutazama maji yanakokwenda yakitoka kwetu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Taka na majani ya nyumba zetu huishia wapi? Tufuate mtaro kwa miguu hadi mwisho wake kabla ya kujibu.

2. Nani katika eneo letu hulipia ada huduma asiyoipata? Nani atamsemea katika mkutano wa mtaa, na lini?

3. Sisi, kama Malkiya, twaweza kulijenga lango lipi la jaa kabla ya masika yajayo?