Nyumba ya Mwisho Kwenye Waya

Mazungumzo ya mwanajumuiya ambaye ni fundi wa mitandao ya simu, aliyoyatoa katika sherehe yetu ya Sikukuu ya Uhuru, Desemba 9



Kamati imenipa dakika kumi na tano kabla ya chakula, na harufu ya pilau inanikumbusha nisizidishe. Nimeombwa nizungumzie jambo linalohusu kazi yangu, yaani jinsi ya kufikisha intaneti ya kasi katika nyumba zilizo mbali na kituo cha simu. Nimekubali kwa sababu moja. Katika mkutano mkuu ujao tutaamua juu ya pendekezo la kununua kompyuta ishirini kwa ajili ya shule ya sekondari ya kijijini kule nyumbani. Ni pendekezo jema. Lakini kabla ya kunyoosha mikono, ningependa sote tujue kuna nini kati ya kompyuta na intaneti.

Shaba na umbali wake

Nianze na hapa tunapoishi. Waliokuja mapema wanakumbuka kwamba intaneti ya kasi ilipoanza kuingia majumbani, ilipita kwenye waya uleule wa shaba wa simu ya mezani. Waya huo ulitandazwa kwa ajili ya sauti ya binadamu, na sauti kwenye simu inatumia masafa ya chini tu. Intaneti ilipewa masafa ya juu yaliyokuwa hayatumiki. Hapo ndipo shida ilipo: masafa ya juu yanachoka haraka katika shaba. Kila mita inanyang'anya kidogo. Mwenye nyumba ya mita mia tano kutoka kituo cha simu anapata kasi nzuri, na mwenye nyumba ya kilomita tano anapata matone.

Ndiyo maana fundi alikuwa akiitwa na mzee aliyeudhika, akamwambia: "Mbona simu yangu inasikika vizuri kabisa, ila intaneti hakuna?" Mzee hakuwa na kosa, na simu haikuwa na kosa. Sauti ilikuwa inafika, masafa ya juu yalikuwa yanafia njiani. Tena umbali unaohesabiwa ni wa waya, si wa kunguru anayeruka. Waya unafuata barabara, unazunguka shamba, unapita kwenye nguzo. Nyumba unayoiona kwa macho kutoka kituoni inaweza kuwa na waya wa mara mbili ya umbali huo.

Hatua ya pili ilikuwa kuleta mkongo, ule uzi wa kioo unaopitisha mwanga, hadi kwenye kabati la kijani lililo kando ya barabara, kisha shaba ikamalizia kipande kilichobaki. Walio karibu na kabati wangeweza kupata hadi megabiti 80 kwa sekunde. Lakini ukipita kilomita moja kutoka kabatini, kasi inashuka sana, na yule wa nyumba ya mwisho akabaki nyuma tena. Dawa ya kweli ni kuuleta mkongo hadi nyumbani. Mwanga ndani ya kioo unaweza kwenda kilomita 20 hivi bila mtambo wowote wa kuusukuma njiani. Kwa mkongo, kilomita tano si kitu.

Basi kwa nini nyumba zote hazikupata mkongo mara moja? Sababu ni gharama ya kuchimba. Uzi wenyewe ni rahisi; fedha nyingi zinaliwa na mtaro. Mtaro wa kilomita moja mjini unahudumia nyumba mia kadhaa. Kilomita hiyohiyo shambani inahudumia nyumba mbili na zizi la ng'ombe. Kampuni inapiga hesabu, inaona hailipi, inaondoka.

Wakulima walioshika sepetu

Hapa nataka vijana wanisikilize vizuri, kwa sababu haya yametokea katika nchi hii mliyozaliwa. Kaskazini mwa Uingereza, katika mkoa wa Lancashire, kuna vijiji vilivyotawanyika mabondeni ambavyo kampuni hazikuviona vina faida. Mwaka 2011 wananchi wa huko walianzisha chombo chao kinachoitwa B4RN, kilichosajiliwa kama chama cha manufaa ya jamii, tuseme ni ndugu wa vyama vyetu vya ushirika. Mmoja wa walioanzisha ni Barry Forde, aliyekuwa mtaalamu wa mitandao katika Chuo Kikuu cha Lancaster. Wananchi walinunua hisa. Wenye mashamba waliruhusu bomba lipite katika ardhi yao bila kudai malipo. Na badala ya kuchimba lami, walipita mashambani, kwenye udongo laini, kwa matrekta yao na kwa sepetu zao. Asiye na fedha alichimba, na kazi yake ingeweza kuhesabiwa kuwa hisa.

Leo vijiji hivyo vina intaneti ya gigabiti 1 kwa sekunde, kupokea na kutuma sawasawa, hadi kwenye nyumba za wakulima zilizo mwisho kabisa wa njia. Kuna watu wa London waliokuwa wakiwaonea wivu.

Serikali nayo ina wajibu wake. Tangu Machi 2020 kila nyumba hapa Uingereza ina haki kisheria ya kuomba huduma isiyopungua megabiti 10 kwa sekunde, mradi gharama ya kuiunganisha isizidi pauni 3,400. Ikizidi hapo, mwenye nyumba anaombwa aongezee. Nawaambia hili wale mnaoishi nje ya mji, maana wengi hawajui kwamba haki hiyo ipo. Lakini tazameni: sheria inakupa megabiti 10, na sepetu za wanakijiji zimeleta 1,000.

Sisi tuliotoka Kilimanjaro hadithi hii si ngeni kwetu. Babu zetu walichimba mifongo ya kuleta maji kutoka mito ya mlimani hadi migombani. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuchimba mfongo peke yake, na asiyetokea siku ya kusafisha alitozwa faini. Maji yalikuwa na zamu, na hata shamba la mwisho lilikuwa na siku yake. Tanga na kwingineko wanajua msaragambo. Wakenya tulio nao hapa watatuambia harambee. Mtaro wa mkongo ni jambo la namna hiyohiyo.

Nyumbani, ambako waya haukufika

Sasa twende nyumbani. Kule kwetu tatizo la umbali lina sura nyingine, kwa sababu waya wa shaba haukufika katika vijiji vingi. Enzi ya ukoloni simu ilifuata reli, bandari, mashamba makubwa na ofisi za wakuu wa wilaya. Wakati wa Uhuru mwaka 1961 tulirithi mtandao huo. Wazee mnaikumbuka simu ya kukoroga, na safari ya kwenda posta mjini kusubiri kuunganishwa. Simu za mkononi zilipoingia Tanzania katikati ya miaka ya 1990, ziliruka waya moja kwa moja. Kwa mwananchi wa kijijini, kituo cha simu ni mnara.

Intaneti nayo ilikuwa ghali, kwa sababu ilitoka nje kwa setilaiti. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulitua Dar es Salaam kupitia baharini, na mwaka uliofuata EASSy ikaanza kazi. Serikali ikajenga Mkongo wa Taifa kuunganisha mikoa. Kwa hiyo intaneti imevuka bahari, imepanda hadi mikoani. Kilichobaki ni kile kipande cha mwisho, kutoka mjini wilayani hadi kijijini. Na hata njia kuu si salama muda wote. Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini kwa wakati mmoja, na wengi wetu humu tulijaribu kupiga simu nyumbani kwa video tukaambulia picha iliyoganda.

Kipande cha mwisho kina njia kama nne.

Ya kwanza ni mnara wa simu. Masafa ya chini yanafika mbali na kupenya kuta. Masafa ya juu yanabeba data nyingi lakini yanaishia karibu. Mnara pia unagawana. Asubuhi mwalimu anapata intaneti, saa mbili usiku kijiji kizima kiko hewani na kila kitu kinatambaa. Kampuni zisipoona faida ya kujenga mnara, upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, ambao unatoa ruzuku ili minara ijengwe katika kata za aina hiyo.

Ya pili ni antena mbili zinazotazamana. Moja inawekwa mjini palipo na mkongo, nyingine juu ya paa la shule. Pakiwa hapana kilima wala miti katikati, zinaweza kuvuka kilomita kumi na zaidi. Vifaa vyake si ghali sana, ila ni lazima kuwauliza TCRA kuhusu vibali kwanza.

Ya tatu ni setilaiti. Zile za zamani ziko kilomita 36,000 juu, ndiyo maana unauliza swali, ukasubiri karibu nusu sekunde kabla ya jibu kuanza kurudi. Za kisasa ziko mamia ya kilomita tu. Kenya wanatumia Starlink tangu Julai 2023. Kila nchi ina taratibu zake za leseni, na malipo ya kila mwezi ni mzigo kwa shule.

Ya nne ni mkongo wenyewe, pale ulipopita jirani.

Pendekezo langu

Ndugu zangu, kompyuta isiyo na njia inageuka kuwa televisheni isiyo na stesheni. Mtoto wa kidato cha tatu ataifungua siku ya makabidhiano mbele ya kamera, na baada ya mwezi itafunikwa kitambaa. Sisemi hayo kumkatisha mtu tamaa. Tumekusanya fedha hizi kwa kufanya kazi za usiku, kwa kutunza wagonjwa na kuendesha mabasi, na mtoto wa kule anastahili kuzitumia.

Kwa hiyo naomba kamati ipate majibu ya maswali manne kabla ya kulipa chochote. Kwanza, njia ni ipi? Mwalimu mmoja apime kasi ya simu yake darasani asubuhi na jioni kwa wiki nzima, aandike. Kisha tuulize mkongo umefika wapi na kama shule inauona mji kwa macho. Pili, umeme upo kila siku, au tununue sola na betri? Tatu, nani atalipa kila mwezi? Kifaa kinanunuliwa mara moja, bando halina mwisho. Nne, nani atatunza? Nguzo ikianguka usiku wa mvua, fundi kutoka Dar es Salaam hatakuja kesho yake.

Mimi ningependekeza tununue kompyuta kumi badala ya ishirini. Fedha inayobaki iende kwenye njia, umeme, malipo ya miaka miwili, na mafunzo ya kijana mmoja wa hapohapo kijijini. Pia tuweke kompyuta moja ya kuhifadhi vitabu na Wikipedia ya Kiswahili ndani ya shule, ili hata siku mtandao umekatika watoto wasome. Nao wanakijiji wachangie nguvu zao: kusimamisha nguzo, kuchimba, kulinda. Na kupitia diwani wao wapeleke barua UCSAF, maana hiyo ni haki yao na si hisani yetu.

Vijana wetu, kuna kazi yenu pia. Mnajua kusanidi ruta kuliko baba zenu. Msimu wa likizo mtakapokwenda kwa bibi, mkipata mwenzenu wa pale shuleni, mfundishane. Yeye atawafundisha Kiswahili kilichonyooka, nanyi mtamwonyesha jinsi ya kuweka neno la siri lisiloibika.

Baada ya Uhuru wazee wetu walisema Uhuru na Kazi. Kazi iliyobaki katika jambo hili ina urefu wa kilomita chache tu, kutoka mjini wilayani hadi mlango wa darasa. Naomba mkutano mkuu uipime kazi hiyo kwa makini, halafu upige kura.

 Heri ya Sikukuu ya Uhuru, na sasa twendeni tukale.