BUU WA TEGU NDANI YA JICHO

Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani, Somanga



Nimetakiwa niseme juu ya macho. Nina jambo moja tu: mdudu akiwa ndani ya jicho, asiuawe humo, atolewe.

Tegu wa nguruwe hukaa tumboni mwa mtu, na mayai yake hutoka na choo. Atakayeyameza, kwa mboga zisizooshwa au mikono michafu, mabuu huanguliwa, husafiri na damu, hujifanyia vifuko katika misuli, ubongo, hata jicho. Kwa hiyo hata asiyekula nguruwe aweza kuupata ugonjwa huu. Unajulikana sana Mbulu na Mbozi, wanakofuga nguruwe. Lakini mwenye tegu husafiri, nasi Somanga tuko kando ya barabara kuu.

Mgonjwa huona kivuli kinaelea, au ukungu. Wengi hudhani ni mtoto wa jicho. Mwaka 1851 Helmholtz alitangaza chombo cha kutazamia ndani ya jicho. Kwa chombo hicho Albrecht von Graefe wa Berlin aliwaona mabuu hawa katika macho ya watu walio hai, akaanza kuwatoa kwa upasuaji. Leo daktari hupanua mboni kwa matone, akatafuta kifuko cheupe, ambacho pengine huonekana kikicheza. Ukungu ukizidi, hutumia altrasaundi. Ubongo nao hupigwa picha.

Buu akifia ndani ya jicho, mabaki yake huliwasha likavimba, na laweza kupofuka. Ndiyo sababu dawa za minyoo, zinazofaa kwingineko, hazitegemewi hapa. Mpasuaji hutoboa matundu madogo kwenye weupe wa jicho, huondoa ute, kisha humtoa buu.

Sisemi watoto wakatae dawa ya kichocho shuleni. La hasha! Wameze. Ila mwenye kivuli jichoni amweleze mganga kwanza.

Ndugu zangu, ukimwona mzee au kijana analalamikia kivuli, usimnunulie vidonge dukani. Mpeleke hospitali ya wilaya Kivinje, aombe barua ya kwenda kwa mabingwa wa macho, Muhimbili. Na nyumbani tuwe na choo, maji na sabuni; hapo ndipo tegu anaposhindwa.