Mdhamini Yupi?

Msikilizaji, tangazo la Benki Kuu ya Tanzania la mwaka 2024 ulilisikia. Majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kwa simu bila leseni zilitajwa, na wananchi tuliambiwa tukae nazo mbali. Mtaani watu wanazungumzia riba, na riba za mikopo ya kausha damu zinastahili kuzungumzwa. Lakini sisi hapa kinachotukera ni neno moja: mdhamini.

Jirani na Hospitali ya Rufaa ya Mwananyamala kuna dada anachoma vitumbua alfajiri. Juzi alinipa simu nimsomee ujumbe, mikono yake imejaa unga wa mchele. "Wewe ni mdhamini wa fulani. Lipa leo kabla ya saa kumi jioni, la sivyo picha yako itasambazwa." Akaniuliza: kaka, mimi nimemdhamini nani? Hakusaini popote. Fulani ni mteja wake wa Komakoma, aliyetakiwa na programu aandike namba za watu wawili wanaomfahamu. Akaandika ya muuza vitumbua. Basi.

Kwenye programu ile pameandikwa kwa Kiingereza, "referee". Huyo ni mtu wa kuulizwa tu: unamfahamu? Anakaa wapi? Ni mwaminifu? Akishajibu, kazi yake imekwisha. Wa kulipa anaitwa "guarantor". Huyo amekubali mwenyewe kwamba mkopaji akishindwa, deni litamrudia, na Sheria ya Mikataba inambana kama inavyombana mkopaji, labda mkataba useme vingine. Kwa Kiingereza ni watu wawili. Kwa Kiswahili chetu cha fomu wote ni mdhamini, na mkopeshaji anayetafuta wa kumbana hapo ndipo anapopenyea.

Wala si wakopeshaji peke yao. Soma matangazo ya ajira serikalini: mwombaji ataje wadhamini watatu wa kuaminika. Wadhamini wa nini? Mhadhiri wako halipi kitu ukifukuzwa kazi. Anayekutoa mahabusu ni mdhamini. Kampuni inayoweka jina lake kwenye jezi za timu ni mdhamini. Na lile neno la Kiingereza, "referee", ndilo lililotupa refa, ambaye hata siku moja hajalipa faini ya mchezaji.

Tumelisema, na leo tunalisema tena: mikataba ya Kiingereza inawaumiza watu wanaokopa kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 sheria imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mahakama inatakiwa iseme nasi Kiswahili, fomu ya mkopo wa shilingi 50,000 inashindwa nini? Inashindwa nini?

Kwa hao "referees", wenzetu wa Kenya wanaandika "warejelewa" kwenye wasifu wao. Neno lipo tayari. BAKITA, lichukueni, lisambazeni. Utumishi, rekebisheni matangazo yenu. Benki Kuu, mnapokagua leseni kagueni na fomu: mrejelewa aitwe mrejelewa, mdhamini aitwe mdhamini, na asiitwe mdhamini mtu ambaye hajakubali kulipa.

Nawe msikilizaji, kuanzia Kwa Kopa hadi Kisiwani, kuanzia Tandale hadi Temeke: mtu akiomba namba yako kwa ajili ya mkopo, muulize, akishindwa nalipa mimi? Akisita kujibu, usimpe. Ukitumiwa vitisho, usilipe kwa woga. Dai uonyeshwe mkataba wenye ridhaa yako. Usiufute ule ujumbe, uhifadhi, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na Tume yake ipo. Peleka malalamiko, nenda, usikae kimya!

Na wewe unayekopa usiku huu, kabla hujaandika namba ya jirani yako, mpigie kwanza umuulize.