Safari ya Siku Moja: Kutoka Mombasa hadi Gede na Malindi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Mtakumbuka kwamba chama kiliwateua watu watano waende kuliangalia lile shamba tuliloambiwa linauzwa karibu na Gede, kisha mmoja wao awaletee habari. Kazi hiyo imeniangukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyeshika daftari. Nitataja na mambo ya njiani, maana wengi wetu tumeishi Mombasa miaka mingi bila kuijua barabara ya kaskazini, ila kwa kuipita usiku ndani ya basi.

Tuliondoka Kisiwani saa kumi na mbili asubuhi. Malori yalikuwa yamekwisha kupanga mstari upande wa Kilindini. Bandari ile hailali. Tulipokuwa juu ya Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980, mzee mmoja wetu alitusimulia habari za lile la kwanza la mwaka 1931, lililoelea juu ya maji, ambalo yeye alilivuka mara nyingi ujanani mwake. Ng'ambo tukaipita kengele ya Frere Town, mahali walipokaa watumwa walioachwa huru tangu miaka ya 1870. Mtwapa na mashamba ya mkonge ya Vipingo tuliyapita upesi. Kilifi tulikunywa chai kwa mahamri na mbaazi, tukilitazama daraja la mwaka 1991 ambalo liliwapumzisha watu na taabu ya kungoja feri.

Baada ya Kilifi, mkono wa kushoto, huanza msitu wa Arabuko-Sokoke. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 420. Zamani misitu ya namna hii ilienea sana katika pwani ya Afrika Mashariki. Leo kipande kikubwa kilichosalia ni hicho. Mwongozaji alitupitisha penye mibambakofi, kisha penye mirihi iliyosimama mbalimbali juu ya mchanga mweupe, mwanga ukishuka hadi chini. Yumo bundi mdogo asiyefika shibiri, ambaye wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1966. Yumo pia sengi, mnyama mwenye pua ndefu na nyonga za rangi ya dhahabu. Sisi tulimwona akikimbia tu, wala mzee wetu hakusadiki hata alipomwona wa pili.

Lililonigusa zaidi ni habari za wakulima wa kandokando. Zamani wengi wao walitaka msitu ukatwe wapate mashamba, wala siwalaumu, kwani njaa ya ardhi ni njaa. Tangu mwaka 1993, kwa mradi uitwao Kipepeo, baadhi yao hulea viwavi wa msituni hata wajifunge ndani ya maganda, na maganda hayo huuzwa Ulaya na Marekani kwa wenye nyumba za kuonyeshea vipepeo. Mtu apataye karo ya mtoto kwa mdudu wa msituni ana sababu ya kumzuia mwenye shoka.

Sasa shamba lenyewe. Liko ukingoni kabisa mwa msitu. Udongo ni mchanga, mikorosho michache imezeeka. Kisima tulikipima kwa kamba tukapata pima kumi na mbili, na maji yake yana chumvi. Jirani alituonyesha mahali tembo walipomla mihogo. Mwuzaji ni mtu mpole, babu yake amezikwa pale pale; lakini hana hati ya kumiliki ardhi. Alitutolea karatasi ya makubaliano tu, yenye sahihi mbili.

Wazee wanaijua asili ya jambo hili. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilitaka kila mwenye madai katika ukanda wa pwani ayapeleke yaandikwe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Wengi waliokuwa wakilima hawakuandikwa, na wajukuu wao hukaa hata leo juu ya makaburi ya babu zao bila karatasi. Mwuzaji wetu si mwongo, kwa maoni yangu. Ila asichonacho hawezi kutuuzia.

Mchana tulitembea katika magofu ya Gede, mji wa mawe ulioachwa katika karne ya 17, ambao James Kirkman aliufukua kuanzia mwaka 1948. Miongoni mwa sababu zinazotajwa za kuhamwa kwake ni kupungua kwa maji visimani. Mzee wetu alichungulia kisima kimoja, akanitazama, asiseme neno. Malindi tulifika alasiri, tukauona mnara wa Vasco da Gama, aliyefika huko mwaka 1498, tukanunua samaki, tukarudi.

Wenzangu wawili wanataka tununue kabla bei haijapanda. Wawili pamoja nami tunaomba kwanza daftari la ofisi ya ardhi litazamwe, na mpaka wa msitu upimwe mbele ya wenyewe. Fedha hizo ni akiba ya wajane na mayatima wa chama hiki, na hadi leo zimo benki zote. Mwuzaji anangoja jibu letu kabla ya mwisho wa mwezi. Bwana Mwenyekiti, nauweka uamuzi mbele ya mkutano.