Haidrojeni Ndani ya Tanuru la Chuma

Mwishoni mwa 2024 kampuni ya Nippon Steel ya Japani ilitangaza kwamba tanuru lake la majaribio huko Kimitsu, likipuliziwa haidrojeni iliyopashwa moto, limepunguza hewa ukaa kwa asilimia 43. Ni hatua ya kupongezwa, lakini safari bado ni ndefu.

Katika tanuru la kawaida, makaa ya koki huondoa oksijeni kwenye madini ya chuma na kutoa hewa ukaa. Haidrojeni hufanya kazi hiyohiyo, ila inachoacha ni mvuke wa maji. Tatizo ni kwamba hula joto la tanuru, ndiyo maana hupashwa kwanza. Tena vipande vigumu vya koki ndivyo vinavyobeba shehena ya madini na kuacha upenyo wa hewa. Ukiviondoa vyote, tanuru linaziba.

Tanuru hilo la Kimitsu lina mita za ujazo 12 tu. Matanuru makubwa ya kibiashara hupita 4,000. Na haidrojeni ikitengenezwa kwa gesi asilia, hewa ukaa itatoka kwingine. Wanaotaka chuma safi wagharamie kwanza umeme safi wa kutengenezea haidrojeni.